Shubiri

Halipinduki, alisema mtu wa bima,
amepiga goti kwenye nyasi zangu zilizolowa,
futi ya chuma mkononi, kalamu sikioni.
Gari kama hili, Bi Tegwen, halipinduki.
Kimo chake hakinifiki kiunoni,
magurudumu yametanuka kama miguu ya mpiga mieleka,
uzito wote umelala chini pamoja na injini.
Ukilikosea kona litateleza,
litazunguka kama pia, litapiga yowe,
litakuaibisha mbele ya kondoo,
kisha litasimama kwa miguu yake minne.

Nikaitikia. Nikamtilia chai ya pili.

Mimi nililiona likija.
Jumapili, saa tatu, ukungu umekalia bado Cwm Hesgin,
jekundu, bapa kama sahani,
na ndani yake Idwal Prosser, daktari wa meno,
amestaafu Alhamisi.
Kona ya kapela ilimshinda.
Likatoka barabarani, likaingia malishoni kwangu
upande upande, mwendo wa kaa,
na kwa mita thelathini halikuinua hata gurudumu moja.
Niliamini litasimama.
Ndoo ya lishe ilikuwa mkononi, sikuiweka chini.

Halafu likafika mferejini.

Mfereji gani? Shubiri moja kwenda chini,
upana wa sepetu.
Niliuchimba Machi, peke yangu,
mvua ilipokataa kwisha na kondoo wakaanza kuoza kwato.
Tairi likaingia humo
kama ulimi unavyotafuta pengo la jino.
Gurudumu likasema hapana.
Gari lote lililobaki likasema twende.

Basi ni hivyo tu. Si mwendo, si wazimu wa dereva.
Ni kitu kidogo kinachoshika mguu
huku mwili bado uko safarini.
Kujikwaa si kuanguka, tunaambiwa,
na aliyesema hivyo hakuwa malishoni kwangu.
Likapinduka taratibu, naapa, taratibu,
kama mtu anayejigeuza kitandani
kwa kuwa ubavu huu umemchosha.
Tumbo likaja juu.
Sikutegemea kitu cha bei ile kiwe na tumbo chafu vile.

Nilimkuta ananing'inia kwenye mkanda,
sarafu zimetapakaa darini, dari imekuwa sakafu,
redio inasoma bei za ngano.
Akaniuliza, kwa adabu kubwa,
iwapo kondoo wote wako salama.
Nikalala kifudifudi topeni, nikamshika kichwa.
Petroli ilinuka, na mnanaa.
Nilikuwa naenda polepole, akasema.
Ulikuwa unaruka, nikasema.
Akacheka, na kicheko chake kilipanda
pale ambapo cha kwako na changu hushuka.

Mtulinga ulivunjika. Basi.

Mtu wa bima alizunguka, akapima, akachutama,
akaandika: ardhi laini.
Akapiga mstari chini ya laini.
Sikusema neno. Mfereji nilikuwa nimeufukia
usiku ule ule, kwa tochi,
nikaukanyaga kwa buti za marehemu Elwyn
zinazonipwaya, nikaurudishia nyasi zake
kama mtu anayefunika chungu.

Kuna shubiri ya kupimia, kuna na ya kulamba.
Nimeilamba hii wiki sita.

Sasa mvua imerudi, na maji hayana pa kupita.
Kondoo mmoja, yule mwenye sikio lililochanika,
ameanza kuchechemea.
Jana Idwal alipiga simu. Mkono unanyooka, asema.
Amenunua jingine, la kijani, la chini zaidi,
anataka kupita Jumapili anionyeshe.

Njoo, nikamwambia. Kwenye kapela punguza.
Kuna mfereji, Idwal. Ulikuwepo. Utakuwepo.

Kimya kikapita kwenye waya.
Wa kina gani? akauliza.

Nikautazama mkono wangu, nikautanua:
kidole gumba mpaka cha mwisho.
Nikatoka kuchukua sepetu, simu ingali sikioni.