Gari la Ntibashima

Kasulu, Kidato cha Pili B.
Mwalimu Mbwilo, mgeni kutoka Njombe,
alihitaji jina la ukoo
la kutungia sentensi za Kiingereza.
Kidole kikashuka kwenye daftari la mahudhurio
kikatua kwangu: Ntibashima.

Akaandika gari la Ntibashima.
Kwa Kiingereza mwenye gari hutangulia,
gari linamfuata,
na katikati koma inaning'inia juu
kama nzi aliyenasa kwenye utando,
kisha herufi moja ya kuzomea: sss.

Halafu akatuzidisha.
Sss ileile mkiani, bila koma,
na mbele kineno cha kutunyooshea kidole,
tukawa kaya nzima ubaoni,
mama, mapacha, pengine na kuku:
akina Ntibashima wanashukuru sana.

Darasa likaanguka kicheko.
Yeye akatazama zipu yake.

Angejuaje? Jina lenyewe ni sentensi,
kanusho mbele, wao katikati, kitenzi nyuma:
hawashukuru.
Babake babu alimpachika mwanawe mwaka wa njaa,
alipogawa maharage kitongoji kizima
na jembe lake likarudi bila mpini.
Wao ni akina nani, jina halisemi.
Majirani walijua. Waliliitikia
kila alipoitwa mtoto.

"Kuna kosa?" akauliza mwalimu.
Nikasema hakuna.
Nikanakili yote, na koma yake.

Jioni baba alilisogeza daftari kwenye taa,
akasoma polepole, mdomo ukicheza,
akafika mwisho wa mstari, akarudi mwanzo.
"Sawa," akasema.
"Hilo gari liko wapi?"