Mita Moja na Robo

Upana: mita moja na robo.
Urefu: hatua sita zangu, nne za Oiva,
aliyesambaza barua mjini Oulu miaka thelathini na mmoja
na hadi leo hatembei, anasambaza.

Nilifika na mkoba wa sampuli:
vigae vya rangi ya jivu, vitasa vya shaba,
kioo cha duara kama mwezi uliotiwa bei.
Nikasema, mgeni akiingia
jicho lake litue hapa.
Oiva akajikuna shingo.
"Jicho," akasema, "ndilo linalofika mwisho."

Akanipigisha magoti.
Mimi, na suruali yangu ya kuonana na wateja,
nje ya mlango wake, sakafuni penye ngazi.
Akasukuma kifuniko cha tundu la barua:
"Nusa."

Soksi. Rangi ya zamani. Kahawa iliyoungua.
Na chini ya hayo yote, harufu
ya shule wakati wa likizo.

"Hivi ndivyo nilivyozijua nyumba za watu,
kwa pua, na kwa viatu.
Kwa Bi Lahja, ghorofa ya tatu, mdalasini,
hata alipokuwa hana tena wa kumpikia.
Kwa wale wawili wa jengo la matofali
viatu vilipeana visogo mwaka mzima,
kisha jozi moja ikaondoka.
Milango elfu nimebisha hodi,
na karibu yangu iliishia kizingitini:
weka hapo, asante, vuta mlango.
Sijawahi kuonyeshwa pa kukaa."

Sikuwa na sampuli ya hilo.

Tukaanza upya.
Kioo nilikihamishia pembeni,
kimo cha mtu anayevua kofia, si anayejipenda.
Vigae vilibaki, maana theluji haina adabu,
huyeyuka inapotaka;
nikaichongea mfereji mwembamba
chini ya rafu ya viatu, ijiendee.
Vigingi kumi vya msonobari, saba juu,
vitatu chini kabisa.
"Kuna watoto?" "Bado.
Dada yangu ana wajukuu, na vigingi haviozi."

Taa tuliigombania siku mbili.
Nilitaka iwake mtu anapoingia.
Yeye alitaka iwake kabla,
tangu saa nane mchana, Desemba, giza likishashuka,
ili aliye kwenye ngazi auone mstari wake
chini ya mlango
na asijiulize kama kuna mtu.
Nilishindwa.

Ukuta akauchagulia kijani nisichokipenda.
Kikapendeza. Sitaki kulizungumzia.

Na benchi.
Benchi lilimeza sentimita arobaini.
Nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi:
watu wawili hawatapishana hapa.
"Basi mmoja atakaa," akasema.

Januari nilirudi, mlango wa kabati ulikuwa unakwama.
Baridi ya nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Nimeshika bisibisi, hodi.
Msichana wa vifurushi, Pihla kwa mujibu wa beji,
theluji kwenye kope, mkono mmoja umenyoosha
kimashine cha sahihi kuvuka kizingiti,
miguu imebaki nje
kama miguu iliyofundishwa.

Oiva hakusema karibu.
Alisogea tu, ubavu ukutani,
na benchi likaonekana.

Msichana akalitazama.
Akatazama saa.
Akaingia, akaketi, akavua buti moja,
akakung'uta theluji iliyoganda kisigino;
ikalala kwenye vigae, ikafikiri,
ikaanza safari yake kuelekea mferejini.
"Dakika mbili," akasema. "Nina vifurushi ishirini na vitatu."
"Najua," akajibu Oiva.

Alikuwa bado amekikumbatia kifurushi chake
kwa mikono miwili,
mbali kidogo na kifua,
kama mtu asiyejua
upande huu wa mlango
hufanywaje.