Ubavuni

Gazeti liliandika: "dereva na abiria wake".
Mama alikata kipande kile kabla hakijafungiwa karanga,
akakiweka ndani ya kopo la Kimbo
pamoja na cheti cha ndoa na jino langu la kwanza.
"Abiria hulipa nauli," alisema. "Mimi nililipa ngozi."

Baba, Kondo Mwinyimvua, fundi wa Gerezani,
aliinunua pikipiki kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao:
injini imekufa, tairi mbili hoi.
Gurudumu la tatu akalitoa kwenye toroli la bohari.
Kigari akakiunga kwa mabomba ya maji na ubao wa mninga,
hakuna kiti, hakuna mkanda,
mshikio mmoja tu wa shaba uliowahi kuwa kitasa cha benki.
Ulifikaje karakana? Hakuwahi kusema.

Kisha akatafuta mtu wa kukaa ubavuni.
Mdogo wake alipanda mara moja, akashuka akitapika.
Shomari, mbeba magunia wa bandarini,
alikuwa mzito, kona zikagoma.
Mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele.
Akaweka ungo chini.
"Hebu nipishe."

Kona ya kushoto: anatoka nje mwili mzima,
kisogo shibiri moja kutoka ardhini.
Kona ya kulia: anamlalia baba mgongoni
kama mtu anayenusa shati kabla ya kulifua.
Asipotoka, gurudumu la tatu linapaa
na ndoa nzima inabiringika.

Kurasini, mbio za kwanza, wakamzomea:
"Huna ubavu, Kondo! Umeleta mke!"
Baba akavaa miwani yake ya vumbi, akaonyesha kwa kidole gumba:
"Ubavu wangu huo hapo."
Walimaliza wa nne. Walikuwa wanne.

Mashangazi walikuja kutoka Magomeni kwa ajili ya suruali.
Kwa heshima yao mama akafunga kanga juu yake,
jina lake *Nimependa mwenyewe msiniulize*.
Mzunguko wa sita mnyororo ukala nusu,
akavuka mstari na *msiniulize* inapepea kiunoni.
Hapo walikuwa wa kwanza.
Mashangazi hawakurudi.

Msidhani yalikuwa mapenzi matupu.
Mwaka mmoja walinuniana siku kumi na moja
kwa sababu ya pesa ya ada yangu iliyogeuka kabureta.
Jumapili wakapanda bila salamu, wakashinda,
wakarudi nyumbani, wakaendelea kununiana.
Kile kikombe ndicho tunachopimia sukari.

Halafu zikaja mvua kubwa, na feni ya injini
ikachukua vidole viwili vya mkono wake wa mafuta.
Mwezi mzima pikipiki ilifunikwa gunia.
Mama ndiye aliyelivuta.
Akakaa mbele. Hakusema neno.
Baba akasimama pale, mtu mzima, anatafuta pa kushika.

Walizunguka mara mbili tu.
Aliposhuka uso ulikuwa wa jivu,
kiwiko kinavuja damu, mchanga mdomoni.
"Mwantumu," akasema, "miaka yote hii ulikuwa unaiona?"
"Naona nini?"
"Ardhi."
Mama akamfuta mdomo kwa kiganja.
Sikumbuki kama alicheka.

Wakashindana hivyo misimu miwili, yeye usukani, baba ubavuni,
na gazeti, safari hii, halikuandika kitu.

Leo kigari ni banda la kuku Temeke.
Baba ametutoka siku nyingi.
Juzi nilimpeleka mama kupima macho,
na pale kwenye kona ya Chang'ombe, ya kushoto,
nikamwona anaegemea dirisha, taratibu, bega kwanza,
mkono unapapasa mlango kutafuta shaba.
Alikuwa anaendelea kunisimulia bei ya maharage.

Nami, Mungu anisamehe, sikupunguza mwendo.