Ubao wa Matokeo

Walianza thelathini na wawili,
sawa na kete zote za mchezo mmoja.
Niliwaandika mimi, kalamu nyeusi, ubao mweupe,
ukumbi wa klabu, Nizwa, Januari,
kiyoyozi kikivuma kana kwamba nje kuna joto.
Mtoano hauna huruma wala hesabu ngumu:
kila siku nusu yao hufunga mabegi,
nami napitisha kitambaa juu ya majina.
La Ghaniya wa Sur lilikataa kufutika.
Nililisugua kwa mate. Likabaki kivuli.

Mtangazaji anasema waziri, ulimi wangu unasema malkia.
Kete ni ile ile, njia zake zile zile.
Marehemu mama, aliyerudi huku sabini na mbili
na mikoba miwili na mbuzi ya kukunia nazi,
alikuwa akicheka: kule mwanamke, huku mwanamume,
na kote kote ndiye anayefanya kazi yote.

Magomvi yalianza madogo madogo, mchanga kwenye wali.
Wa Kuwait alidai kiti chake ni kifupi.
Wa Manama alitaka saa nyingine, hii inamla sekunde.
Mama mmoja alikohoa mara tatu, akatolewa nje,
eti anamwashiria binti. Alikuwa na pumu.
Siku ya tatu simu ililia mkobani:
adhana ya alasiri, sauti nzuri kabisa,
na mwenye simu akapoteza mchezo pale pale.

Kisha nusu fainali.
Shinuna, niliyemfundisha hesabu darasa la nne,
muuma kucha tangu enzi zile,
na Maitha wa Al Ain, mtulivu kama maji ya mtungi.
Hoja ya thelathini na moja
mkono wa Shinuna ulikwenda kwa farasi, ukarudi,
ukachukua ngome.
"Umemgusa," akasema Maitha. "Aliyeguswa aende."
"Ni baibui. Nguo haichezi sataranji."

Saa ikasimamishwa. Akaja mwamuzi,
ikaja kamati ya rufaa, wanaume watatu,
mmoja bado ana kokwa ya tende shavuni.
Wakapima upana wa mkono wa baibui kwa rula ya plastiki.
Wakamtazama farasi kana kwamba atanena.
Kamera? Ilikuwa imeelekezwa kwenye bendera.
Wakawauliza waliokaa safu ya mbele, mita kumi.
Mwandishi wa ubao hakuulizwa.
Mwandishi wa ubao ni sehemu ya ubao.

Nami nilikuwa hatua mbili.
Nilikiona kidole. Cha shahada, na jina lake hilo,
ukucha umeliwa hadi nyamani,
kikitua juu ya sikio la farasi
muda wa kupepesa jicho.
Sikuulizwa, nikajiambia.
Asiyeulizwa hasemi uongo.
Nikafunika kalamu. Nikaifunua.

Uamuzi: ni nguo. Mchezo uendelee.
Dakika arobaini baadaye nikafuta Maitha.
Lilitoka mara moja, bila kusugua.

Fainali Shinuna alishindwa, na binti wa Doha,
hoja ishirini na mbili tu.
Watu wakasema haki imejilipa.
Haki haikujilipa kitu. Mtoto alilala vibaya,
akacheza vibaya, basi.

Lakini usiku ule wa nusu fainali, kwenye maegesho,
Maitha aliniomba nimwelekeze njia ya Ibri,
ndiyo ingemfikisha mpakani.
Nilimwelekeza kwa Kiarabu, mzunguko kwa mzunguko,
pita Bahla, usikate kulia.
Akanijibu kwa Kiswahili, sijui cha mama au cha bibi,
kilichonyooka, hakina kigugumizi:
"Ahsante, mwalimu. Nilikuona ukiona."
Akawasha taa, akaenda.

Ubao uko kwangu sasa, klabu wamenunua mpya.
Ukiuinamisha dirishani asubuhi
Ghaniya anasomeka, herufi zote.
Yule mwingine nimemtafuta kila pembe.
Hayupo.