Tundu la Sita

Mkanda wangu ulikuja na matundu matano.
La sita nililitoboa mwenyewe, kwa msumari,
bwenini, wenzangu wakiwa kwata.
Nikajitazama kiooni, nikaupiga kofi tumbo:
"Unene neema. Aliyekonda ana deni."

Mbio za alfajiri nilizijulia njia ya mkato.
Kikosi kikipanda kuelekea Konde
mimi nachepuka nyuma ya skuli,
kwa Bi Khatoro, karai lake likichemka.
Maandazi matatu. Chai, sukari vijiko vinne.
Kisha maji ya mfereji usoni, yawe jasho,
narudi mstarini nahema kwa ufundi.

Sajini Faki alinusa iliki mdomoni mwangu.
Hakuniita. Alisema tu, kama anayesema na upepo:
"Mwili haudanganyiki, vijana. Una daftari lake."

Masika yale daftari likafunguliwa.

Mvua siku tano. Njia ya bondeni ikaporomoka,
gari la wagonjwa likasimama juu, penye lami,
taa zake zikizunguka bure katika maji.
Chini, Saumu binti Mbarouk, uchungu siku ya pili.
Kati yao mlima mmoja.
Si mlima wa kuandikwa kwenye ramani:
watoto huupanda wakienda chuoni, juzuu kwapani,
wakishindana.

Tukamtoa na kitanda chake cha kamba,
turubali juu, watu wanne, kila mtu na tendegu lake.
Langu la nyuma, kushoto.
Na kwenye mwinuko, jueni, wa nyuma ndiye abebaye.

Hatua ya arubaini nikayakumbuka maandazi, moja moja.
Hatua ya sitini moyo ukahamia masikioni,
kinu kinatwangwa na watu wawili wasiopatana.
Hatua ya tisini goti likasema: mimi nimefika.

Kitanda kikainama.
Saumu hakupiga ukelele.
Aliinua uso kutoka kwenye turubali, mvua ikimpiga,
akaniuliza, kwa adabu iliyonichoma kuliko tusi:
"Umechoka, baba?"

Kumbe Mkasi alikuwa nyuma yangu.
Kuruta Mkasi, mwezi wa nne jeshini, kilo hamsini na mbili,
niliyekuwa nikimcheka kwa kulala na kuku
na kwa chupa yake ya maji asiyoiacha hata akienda msalani.
Akapenyeza bega chini ya bega langu.
"Niachie, afande."
Na kitanda kikanyanyuka.

Mimi nilibeba taa.

Nimebeba bunduki miaka tisa, nikadhani ndio uzito.
Bunduki ni kilo chache, na haina mama.
Siku ya kiapo niliinua mkono, nikasema kwa sauti,
kinywa kiliapa vizuri sana;
miguu haikuapa.
Pumzi haikuapa.
Hakuna aliyeiuliza, wala mimi.

Mtoto alizaliwa Wete kabla jua halijapanda.
Wa kike. Wakamwita Mkasi.

Siku hizi saa tatu usiku nimeshazima taa,
wanicheke watakavyo.
Nafunga raba gizani, muadhini bado anasafisha koo.
Mwezi wa kwanza nilitapika kwenye kila kona ya njia ile,
wa pili nikaanza kuziona karafuu
zilizoanikwa kwenye majamvi kando ya lami,
nikajifunza kupita bila kukanyaga hata punje.
Bi Khatoro huniita, "We Hamadi, umenisusia?"
Naam, Ijumaa nanunua moja. Nalila nimesimama, polepole.

Sajini Faki hajanisifu.
Ila jana, zoezi la kubeba machela,
alipanga watu kwa kidole, akanifikia:
"Wewe nyuma. Kushoto."

Mkanda sasa nafunga tundu la tatu.
La sita lipo vile vile, wazi, kingo zake mbaya,
ngozi iliyotobolewa haizibiki.
Kila asubuhi kidole hulipapasa chenyewe,
kama ulimi unavyorudi
penye pengo la jino.