Uthibitisho wa Kurudi

Nimewajazia watu fomu miaka kumi na mmoja
katika duka hili la steshenari, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani:
fomu za kitambulisho, za mkopo wa chuo, za leseni ya kuuza samaki,
hata barua ya mlinzi aliyelala zamu, ya kumwomba radhi bosi.
Mkono haukuwahi kunitetemeka.
Leo jina ni lako, Mhina,
na kompyuta inauliza: la ukoo?

Sisi tuna la baba na la babu,
ukoo tunautaja msibani.
Nikaandika Semkiwa,
kwa kuwa ndivyo pasipoti ilivyosema,
na pasipoti haibishiwi.

Picha: inchi mbili kwa mbili, ukuta mweupe, bila miwani.
Ukaivua, ukawa yule mtoto wa darasa la tatu
niliyekuwa nikimshika mkono mpaka Chumbageni.
“Usicheke,” nikasema.
Hukuwa unacheka.

Karatasi ya chuo imefika kutoka Nebraska.
Nimeichapa kwa rangi, sikujitoza.
Tarehe zao huanza na mwezi, siku ikafuata nyuma
kama mke mkubwa aliyesahauliwa stendi.
Ada ya kuandikwa katika daftari lao la wageni.
Ada nyingine ya kusimama mbele ya kioo cha ubalozi, Dar,
na hiyo hairudi, hata wakikunyima.
Chanjo ya surua: kadi ya kliniki
mama kaitoa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa,
imekunjika penye Pasaka.

Usifike zaidi ya siku thelathini kabla ya masomo.
Usifanye kazi nje ya chuo.
Usipunguze masomo bila ruhusa.
Ukihama chumba, waarifu ndani ya siku kumi.
Mama akauliza: “Huyu anakwenda kusoma au kuposa?”

Halafu benki.
Wanataka kuona fedha ya mwaka mzima,
iliyolala, iliyotulia.
Fedha yetu haijui kulala:
Jumatatu imeingia, Jumanne imeshaaga.
Ndipo mama akaenda Muheza bila kutuambia,
akarudi usiku na harufu ya maganda mikononi.
Michungwa sitini na miwili, mkono wa baba.
Mnunuzi alihesabu miti, mama akahesabu noti,
kila mmoja akarudia mara mbili.

Jana usiku tulifanya mazoezi.
Nilikuwa ofisa, nimekaa nyuma ya kioo cha kabati,
nimebana pua ili sauti ifanane.
“Ukihitimu, kitu gani kitakurudisha kwenu?”
Ukajibu haraka, kama nilivyokufundisha mwezi wa tano:
“Tuna shamba la michungwa, Muheza.”

Mbuzi ikanyamaza jikoni.
Karatasi ya benki ilikuwa mezani kati yetu,
shamba lote limo humo,
na koma zake mbili.

Nikasema, tafuta jibu jingine.
Ukasema, dada, lipi?
Ukataja kanisa. Ukataja mimi.
Ukataja bahari, nikakwambia bahari hata wao wanayo,
ukasema Nebraska hawana,
tukacheka kidogo, pabaya.

Mama akatokea mlangoni,
machicha ya nazi yamemganda vidoleni.
“Mwambie una deni,” akasema.
Akarudi kukuna.

Nimeipekua fomu yote, ukurasa kwa ukurasa.
Kuna kisanduku cha mali, cha ndugu walioko huko,
cha magonjwa, cha kama umewahi kuwa gaidi.
Cha deni la mama hakipo.

Nimebana karatasi kwa pini, ya benki juu.
Nakala mbili za kila kitu; ya tatu nitabaki nayo mimi.
Basi linatoka saa kumi na moja, usichelewe.
Miwani umeiacha juu ya mashine ya fotokopi.
Ivae. Ni picha tu iliyoikataa,
na mtapita Muheza kukipambazuka.