Zizi la Juu

Aprili, kusini mwa Estonia. Theluji ingali vichakani
kama mgonjwa asiyetaka kutandikiwa.
Nina kopo la rangi ya machungwa na kazi fupi:
msonobari uliokomaa, alama moja, twende.
Wa misumeno watafika Jumatatu.

Penye mti wa arobaini na moja nikasikia manyunyu
na mbingu ni kavu.
Chinichini, kama pipi inayofunguliwa na mtoto mwizi.

Kichuguu. Kinanifika kifuani.
Sindano za msonobari, kila moja imebebwa mdomoni.
Bandubandu huisha gogo, twajua sisi wa misumeno;
hapa bandubandu imeinua jumba.

Upande wa kusini wamejazana, kifua chekundu, tumbo jeusi,
wanaota jua. Likiwakolea wanashuka nalo,
kila mmoja kaa dogo gizani,
wakawapashe mama zao waliolala tangu Oktoba.

Chungu ni mdudu huyu.
Chungu ni rundo lake. Chungu kingine kiko ndani,
kimetelekwa pasipo kuni.
Na chungu hasa ni kile alichonirushia
nilipotandaza kiganja: siki kali,
ikapanda puani, ikanitoa machozi na miaka arobaini.

"Nusa, Tarmo."
Mama, Leida, na leso ya maua
aliyoitandika juu ya chungu hawa nikiwa na mafua.
Pua ilifunguka kama mlango uliopigwa teke.
Alicheka. Jino moja halikuwepo. Mengine nimesahau.

Nikaifuata njia yao, upana wa mshipi,
juu ya mizizi, juu ya ganda la konokono,
hadi shina la thelathini na nane.
Nimeshalipaka.
Wanapanda kukamua. Vidukari bado ni mayai,
zizi tupu, hata hivyo wanapanda,
wanashuka midomo mitupu, wanapanda.

Karatasi yangu inasema: kichuguu kisiguswe.
Kuhusu zizi haisemi neno.

Nikatoa kisu, nikakwangua gome.
Thelathini na nane. Halafu thelathini na saba.
Kwenye fomu nikaandika: umeoza ndani.
Ulikuwa mzima kuliko mimi.
Mingine sikuthubutu; Endel ofisini anajua kuhesabu.

Ilibaki rangi kidogo, mbichi, kwenye ufa.
Chungu mmoja akafika, akaigusa kwa vipapasio,
akarudi alikotoka.
Nikadhani basi.
Akaja tena na sindano mdomoni,
akaibandika juu ya rangi,
akapita.